"Uhai ni wa Mungu", walisema wote wawili

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama dini ndiyo inayotupa msimamo kuhusu uhai na kifo, au msimamo tunao tayari, na dini tunaiita ije kutuunga mkono. Nami nitajibu kutoka kando ya kitanda.

Babu alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, kifua kikipanda na kushuka kwa mashine ya kupumulia. Daktari alikwisha tuambia hatapona, mashine inachelewesha tu. Mama mdogo akasema, "Uhai ni wa Mungu, msiiguse." Mjomba, kaka yake wa tumbo moja, wamekaa benchi moja kanisani tangu utotoni, akajibu, "Uhai ni wa Mungu, basi mrudishieni mwenyewe." Maneno yaleyale, na kila mmoja akamwona mwenzake ameasi imani.

Kumbe Kanisa lilikwisha kujibu. Mwaka 1957 Papa Pio wa 12 aliwaambia madaktari kwamba mgonjwa halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida, kama mashine ya kupumulia, ili kurefusha uhai. Kwa Waislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu mashine iondolewe madaktari wakithibitisha kuwa ubongo umekufa kabisa, hata kama moyo bado unapiga kwa msaada wa mashine. Lakini mimbarini haya huyasikii. Unasikia kutoa mimba, unasikia kujiua. Muumini aliyefundishwa "usiue" peke yake ataona hata kuzima mashine ni kuua.

Kwa hiyo dini hutujenga kwa yale inayoyarudiarudia kuliko yale iliyoyaandika. Na hata yakirudiwa, watu huchagua. Tangu 2018 Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, inasema adhabu ya kifo haikubaliki. Nawajua wanaosali rozari dhidi ya utoaji mimba, kisha wakisikia muuaji kahukumiwa kunyongwa, wanapiga makofi. Ireland, nchi ya Wakatoliki wengi, ilipiga kura mwaka 1983 ikaweka haki ya mtoto aliye tumboni ndani ya katiba. Mwaka 2018 theluthi mbili hivi ya wapiga kura waliiondoa. Injili ilikuwa ileile. Waliokuwa wakiihubiri ndio walioacha kuaminiwa, baada ya kashfa nyingi.

Sisi tuliishia kumwita padri. Alimweleza mama mdogo, taratibu, hilo la 1957. Mama mdogo alisikiliza hadi mwisho, macho kwa babu, kisha akauliza, "Hayo mlihubiri lini, Padri?"

Padri alifungua kitabu cha sala, akaanza kutafuta ukurasa.