Msomaji Anauliza: Je, Ni Kweli Waingereza Walihamishiwa Ng'ambo kwa Kuwinda Sungura?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari iliyo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako karibu kila darasa lina mtoto mwenye ndugu aliyewahi kufungwa kwa sababu ya nyamapori. Nilipowaeleza wanafunzi kwamba Uingereza iliwahi kuwapeleka majangili wake Australia, mmoja aliuliza kama kweli mtu aliweza kutupwa mbali kiasi hicho kwa kosa la sungura mmoja, na mwingine akataka kujua kama sheria zetu za wanyamapori zilitokana na hizo. Naomba ufafanuzi. (Mwalimu, Tarafa ya Idodi, Iringa)

JIBU: Mwalimu, ni kweli walipelekwa, ingawa kwa kawaida sungura mmoja peke yake hakutosha. Sheria ya mwaka 1828 kuhusu uwindaji haramu wa usiku ilipanga adhabu kwa ngazi: aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa hadi miezi 3 pamoja na kazi ngumu, mara ya pili hadi miezi 6, na mara ya tatu aliweza kuhamishiwa ng'ambo kwa miaka 7. Lakini watu watatu au zaidi wakikutwa usiku katika ardhi ya mtu kwa nia ya kuwinda, na hata mmoja wao akiwa na bunduki au rungu, hawakusubiri kosa la tatu; wote waliweza kuhamishwa kwa miaka 7 hadi 14. Kwa kuwa wawindaji maskini walikwenda kwa makundi ili wasizidiwe nguvu na walinzi, kifungu hicho ndicho kilichowanasa wengi.

Ukitaka wanafunzi wako waelewe ukali huo, waanzishe na swali la nani aliruhusiwa kuwinda. Kwa sheria ya mwaka 1671, mtu hakuruhusiwa kuwinda sungura wala kwale kama hakuwa na ardhi yake mwenyewe yenye mapato ya paundi 100 kwa mwaka, wala hakuwa mrithi wa mtu mwenye cheo. Kiwango hicho kilikuwa mara 50 ya mali iliyotakiwa ili mtu apige kura ya kumchagua mbunge wa jimbo lake la shambani. Hivyo mkulima mdogo aliyemkuta sungura akitafuna kabichi zake, katika shamba lake mwenyewe, alikuwa akivunja sheria kama angemuua akamtia chunguni. Mnyama wa porini hakuhesabiwa kuwa mali ya mtu yeyote alipokuwa hai, kwa hiyo jangili hakushtakiwa kama mwizi. Alishtakiwa kwa sababu hakuwa mtu wa tabaka lililoruhusiwa kula kitoweo hicho. Naona hapo ndipo penye uchungu wa habari yote hii, na wanakijiji wa Kiingereza waliuona vilevile, maana wengi wao waliamini kwa dhati kwamba Mungu aliwaumba wanyama wa porini kwa ajili ya watu wote. Mahakimu waliosikiliza kosa la kwanza na la pili walikuwa, mara nyingi, ni wenye mashamba wenyewe. Masharti hayo ya mali yalifutwa mwaka 1831, lakini adhabu za usiku zilibaki.

Njaa nayo ilichangia. Ardhi ya malisho na kuni iliyotumiwa na kijiji kizima ilikuwa imegawanywa na kuzungushiwa ua, na vita dhidi ya Ufaransa vilipokwisha mwaka 1815, askari walirudi vijijini na kukuta hakuna kazi, huku ujira wa vibarua ukishuka. Wakati huohuo matajiri wa London walitaka nyama hiyo mezani, na kwa kuwa biashara yake ilikuwa marufuku hadi mwaka 1831, ilisafirishwa kwa siri katika magari ya farasi yaliyobeba abiria. Wenye mashamba walijibu kwa kuongeza walinzi na kutega bunduki zilizofyatuka zenyewe mtu akigusa waya gizani. Bunduki hizo hazikumbagua jangili na mtoto aliyekwenda kuokota kuni, na zilipigwa marufuku mwaka 1827 tu.

Tukio moja linatosha kuonyesha hali ilivyokuwa. Mnamo Januari 1816, kundi la wanaume waliopaka nyuso zao rangi nyeusi na kula kiapo cha kutotajana waliingia usiku katika misitu ya Kanali Berkeley huko Gloucestershire. Walipokutana na walinzi, risasi zilipigwa na mlinzi mmoja, William Ingram, akafa. Watu 11 walihukumiwa kifo. John Allen, aliyekuwa mkulima mpangaji, na John Penny walinyongwa, na wenzao tisa walibadilishiwa adhabu, wakahamishiwa ng'ambo. Ingram naye alikuwa mtu wa ajira, aliyekufa akilinda ndege wa tajiri, na sipendi asahaulike tunapowahurumia waliohukumiwa.

Kuhusu safari yenyewe, wafungwa walikaa kwanza katika meli chakavu zilizogeuzwa magereza, zikiwa zimetia nanga Woolwich au Portsmouth, kisha wakavuka bahari kwa muda wa takriban miezi minne. Hadi mwaka 1775 walikuwa wakipelekwa Marekani; baada ya makoloni yale kuasi, Uingereza iliigeukia Australia, na kati ya mwaka 1788 na 1868 ilipeleka huko wafungwa wapatao 160,000 wa makosa ya kila aina, wengi wao wakiwa wezi, majangili wakiwa sehemu ndogo tu. Walipofika Sydney au kisiwa cha Van Diemen's Land, ambacho leo kinaitwa Tasmania, wengi walikabidhiwa kwa walowezi waliowalisha na kuwavika bila kuwalipa ujira, na aliyekaidi alichapwa viboko kwa amri ya hakimu. Hata hivyo, hawakuwa watumwa kama wale waliotembezwa kwa minyororo hadi Kilwa na Bagamoyo: kifungo chao kwa kawaida kilikuwa na ukomo, na watoto wao walizaliwa huru. Wanafunzi wasiache pia kujua kwamba nchi ile ilikuwa na wenyewe. Watu waliofungwa kwa kuingia katika mawindo ya makabaila walitumiwa kuwapora wawindaji wengine mawindo yao, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1830 wenyeji wa Tasmania walikuwa karibu kumalizwa.

Kuhusu sheria zetu, jibu ni fupi. Waliotangulia kuweka masharti ya uwindaji Tanganyika ni Wajerumani, na kanuni za Gavana Wissmann zilitoka mwaka 1896. Hata Ruaha ilianzia katika pori la akiba lililotengwa na Wajerumani mwaka 1910, likawa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Sheria yetu ya mwaka 2009 inawahesabu wanyamapori kuwa mali ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, na hilo liko mbali sana na sungura wa kabaila. Mwanafunzi ambaye babu yake alifungwa kwa ajili ya swala mmoja anaweza kusema kwamba kwa aliye gerezani tofauti hiyo haionekani. Mwache aseme, kisha mjadiliane.

SWALI: Na wake na watoto wa watu hao waliachwaje? Je, walirudi? (Msomaji, Tukuyu, Mbeya)

JIBU: Mama, wengi hawakurudi. Aliyemaliza kifungo alikuwa huru, lakini nauli ya kurudi alijitegemea, na kibarua wa shambani hangeweza kuipata kwa urahisi. Aliyetoroka na kurudi kabla ya muda wake aliweza kunyongwa, na sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1834. Mke aliyeachwa aliangukia msaada ambao parokia ya kanisa iliwapa maskini wa eneo lake, ambao ulikuwa mdogo na wa kudhalilisha. Baadhi ya wake waliiandikia serikali kuomba kuwafuata waume zao, na baadhi walikubaliwa, lakini wengine walikaa wakingoja barua ambayo mume asiyejua kusoma wala kuandika hakuwa na njia ya kuituma isipokuwa kwa mkono wa mtu mwingine. Sheria ya ndoa haikuruhusu talaka kwa sababu hiyo; ilichosema tu ni kwamba mtu ambaye mwenzi wake ametoweka kwa miaka 7, bila habari kwamba yu hai, hataadhibiwa akifunga ndoa nyingine. Miaka hiyo 7 ilikuwa sawasawa na kifungo kifupi kabisa cha ng'ambo.