Kabla hamjanunua mpako wa tanuru

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye matanuru ya Lubumbashi, iwe ya shaba, ya chokaa au ya kuyeyusha vyuma chakavu, siku moja atakuja muuzaji wa mpako wa emisiviti ya juu, wa kupaka kuta za ndani za tanuru, kopo mkononi na asilimia za akiba ya mafuta mdomoni. Emisiviti ni kipimo, toka 0 hadi 1, cha jinsi uso unavyotoa na kumeza mnururisho, yaani joto linalosafiri kama mwanga. Msimfukuze. Bidhaa yenyewe si uongo, na mazuti, mafuta tunayochoma, ikishavuka mpaka wa Kasumbalesa bei yake mnaijua. Ila mwulizeni kwanza: mpako wake unafanya kazi kwa joto gani?

Nguvu ya mnururisho hupanda kwa kipeo cha nne cha joto, kwa kipimo cha Kelvini. Tanuru likipita nyuzi 900 za Selsiasi hivi, sehemu kubwa ya joto hufika kwenye mzigo, yaani kile kinachochomwa, kwa njia hiyo. Kwenye oveni ya kukaushia ya nyuzi 200, pesa yenu ibaki mfukoni.

Tofali la tanuru likikolea joto, emisiviti yake mara nyingi hushuka hadi 0.5 hivi, lakini mpako mzuri, wa silikoni kabaidi au oksidi ya kromi, hukaribia 0.9. Faida inapatikanaje? Moshi una kaboni dioksidi na mvuke, na gesi hizi hutoa na kumeza mnururisho kwenye mawimbi machache tu. Ukuta unaoakisi huzirudishia gesi mawimbi yaleyale, zikayameza tena na kuondoka nayo dohani. Ukuta uliopakwa huyameza wenyewe, kisha hutoa mnururisho wa mawimbi mapana, na sehemu kubwa yake hupenya moshi hadi kwenye mzigo. Kwa hiyo mpako si kihami. Anayewaambia utapoza bamba la nje la tanuru hajui anachouza.

Kipimajoto kile cha umbo la bastola kitawachezea. Kinakisia joto kwa emisiviti mliyokiwekea, kwa hiyo ukuta ukishapakwa namba inaweza kupanda hata kama joto halijabadilika. Nimeona watu wakishangilia namba hiyo. Angalieni themokapo, kipimajoto cha waya, iliyo kwenye njia ya moshi: kwa mzigo uleule na hewa ileile, moshi unapaswa kutoka ukiwa na joto pungufu. Kisha hesabuni lita za mazuti kwa kila tani ya mzigo.

Na hapo kuna ujanja. Tanuru likizimwa ili lipakwe, fundi wa muuzaji "anasaidia" kurekebisha kichomeo na kuziba mlango. Mazuti inapungua, sifa zote zinakwenda kwenye kopo. Rekebisheni hewa na mlango ninyi wenyewe kwanza, pimeni kwa wiki kadhaa, ndipo mpake. Mara nyingi mtakuta sehemu nono ya akiba ilikuwa kwenye mlango.

Kupaka kwenyewe si kazi ngumu. Ondoeni vumbi na slagi yote, yaani takataka za kuyeyusha zilizogandia ukutani, pulizeni tabaka jembamba lisilofika milimita moja. Likiwa nene litabanduka. Pakeni dari na kuta za juu tu, maana slagi iliyoyeyuka itaula mpako wa chini. Wakati wa masika matofali yaliyolala baridi hunywa maji, kwa hiyo pandisheni moto polepole, la sivyo mvuke utapasua tofali na mpako pamoja.

Malipo ya mwisho yafungwe kwenye lita kwa tani, zikipimwa na mita yenu, si yake.