Holsta ndogo ya kiunoni: anza na namna bastola itakavyorudi ndani

Anayetafuta holsta ndogo, yaani ala ya kubebea bastola kiunoni, kwa kawaida huuliza kama inaficha vizuri na kama bastola inachomoka upesi. Yote mawili ni ya maana, lakini yanakuja baadaye. Kwanza jiulize bastola itarudi vipi ndani, maana wakati wa kurudisha ndipo triga hukutana na pindo la shati, kamba ya koti au kidole kilichosahauliwa mahali pasipo pake. Kadiri holsta inavyopunguzwa, ndivyo kazi yake inavyohamia kwenye mkanda, klipu na mazoea ya mbebaji.

Haya yanamhusu mwenye cheti halali: Kenya chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na Tanzania chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asiye na cheti hana haja ya holsta.

Ndogo kuliko zote ni ile inayofunika triga peke yake, kama VanGuard 2 ya Raven Concealment. Ni kipande cha plastiki ngumu kinachobana kinga ya triga, yaani ule upinde unaoizunguka, na slaidi yote, yaani sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma ukiivuta, inabaki wazi. Hushikwa mkandani kwa kitanzi au kwa kamba fupi. Ukichomoa bastola iliyofungwa kamba, kamba inakaza, kipande kinabanduka na kubaki kikining'inia. Inayofuata kwa udogo ni holsta fupi ya Kydex, plastiki ngumu ya unene wa milimita 1.5 hadi 2 iliyofinyangwa kwa joto ifuate umbo la bastola, ikiwa na klipu moja. Halafu kuna vifuko vya kitambaa au ngozi laini vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia. Hivyo achana navyo. Mdomo wa kifuko laini hujikunja ukitoa bastola, na ukiirudisha ule mkunjo unaweza kuingia ndani ya kinga na kusukuma triga. Unaweza pia kuibonyeza triga kwa kidole kupitia kitambaa chenyewe. Klipu inayofungwa ubavuni mwa bastola bila kufunika triga siihesabu kuwa holsta.

Bastola ya Glock haina sefti (kizuizi cha kufyatua) ya kidole gumba. Sefti yake ya nje ni ule ulimi mdogo ulio kwenye uso wa triga, na triga yenyewe hukubali kwa mvuto wa takribani kilo 2.5. Kitu chochote kinachosukuma katikati ya triga husukuma na ulimi pia. CZ 75, ambayo Kenya inajulikana zaidi kwa jina la Ceska, ina nyundo na sefti ya pembeni, kwa hiyo inakupa nafasi kidogo zaidi. Lakini kwenye holsta isiyofunika slaidi, sefti hiyo iko wazi kusuguliwa na nguo hadi ishuke.

Kabla ya kulipa, au kabla ya kuivaa kama umeagiza mtandaoni, ijaribu. Toa magazini ya risasi, vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho kisha uiguse kwa kidole, na risasi ziwe chumba kingine. Vuta slaidi tena ili triga ikae mbele, elekeza mtutu mahali salama, vika holsta, kisha ibonyeze kwa nguvu pande zote karibu na triga. Ukisikia mlio wa pini ya kufyatulia, rudisha dukani. Jaribu kupenyeza kidole kutoka mbele na nyuma. Kama kinaifikia triga, haifai. Holsta zilizotengenezwa kwa bastola yenye tochi ndizo zinazoanguka hapa mara nyingi, kwa sababu upana wa tochi huacha uwazi. Baada ya hapo ipindue juu ya godoro, mtutu juu, uitikise: bastola ibaki ndani. Mwisho angalia kitufe cha kuachia magazini. Kikibonyezwa na ukingo wa holsta au na tumbo lako unapoketi, magazini hushuka milimita chache bila wewe kujua, na siku ya shida utakuwa na risasi moja tu, ile ya chembani.

Kurudisha hutofautiana kwa aina. Holsta ya kufunika triga pekee hairudishiwi bastola ikiwa ndani ya suruali, hata kama video fulani inaonyesha inawezekana. Ifungue mkandani, ivike kwenye bastola ikiwa mbele yako na mtutu mahali salama mpaka isikike "tak", ndipo uingize vyote viwili kiunoni na kufunga kamba. Kwa mazoezi ya kuchomoa mara kwa mara uwanjani ni usumbufu mtupu. Hapo tumia ya Kydex yenye mdomo mgumu usiolala bastola ikitoka. Kwa hiyo ya Kydex, inua shati juu kabisa kwa mkono wa pili, tazama tundu, sogeza nyonga mbele kidogo ili mtutu usielekee pajani, na ingiza polepole. Kwa CZ weka kidole gumba juu ya nyundo. Ikianza kusogea, simama. Kwa Glock kiweke nyuma ya slaidi, maana holsta inayobana sana huweza kuisukuma slaidi nyuma kidogo na bastola ikagoma kufyatua. Ukihisi kizuizi, usilazimishe. Toa, tazama.

Anayelazimika kuiacha silaha mlangoni, mahakamani kwa mfano, atoe holsta na bastola kwa pamoja, triga ikiwa imefunikwa, na avirudishe hivyo hivyo.

Mkanda ndio nusu ya holsta, na hapa ndipo watu hubania pesa. Klipu nyingi zimetengenezwa kwa mkanda wa milimita 38. Mkanda wa suti wa milimita 30 hauzifikii: meno ya klipu hayashiki ukingo wa chini, na bastola itachomoka na holsta yake, triga bado imefunikwa, mbele ya anayekushambulia. Pima kwa rula, usikisie. Kimo pia kipimwe: kidole cha kati kiguse kinga ya triga kabla bastola haijasogea. Ukilazimika kurekebisha mshiko njiani, imezama mno.

Usidanganyike kwamba fupi ndiyo inayojificha zaidi. Kinachochora umbo kwenye shati ni mpini, mtutu uko ndani ya suruali. Bastola fupi kama Glock 26 ina uzito mwingi juu ya mkanda na kidogo chini yake, hivyo mpini huinama nje. Holsta iliyorefushwa sentimita tatu chini ya mtutu, au yenye kibawa, yaani kipande kinachochomoza pembeni na kusukumwa na mkanda, huurudisha mpini mwilini. Holsta ndogo nyingi hazina kibawa. Kama tumbo ni kubwa, hilo lifikirie kabla ya kununua.

Kwa wa Mombasa, Tanga na Dar kuna jasho na chumvi. Slaidi iliyo wazi hulala juu ya ngozi, na chuma cha CZ ya zamani huanza kutu haraka; vaa fulana ya ndani na ufute slaidi kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni. Kydex nayo hulainika kwa joto, kwa hiyo isiachwe kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani. Ikishapinda, ule mshiko uliopima umebadilika. Rudia majaribio yote. Skrubu za holsta zipake gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea, uziache zikauke saa 24, na uzikague kila wiki unapofuta slaidi.