Jenereta ya trekta: ushauri kwa fundi na msimamizi mpya wa shamba la maziwa

Ukianza kazi ya ufundi au usimamizi kwenye shamba la maziwa huku Njombe au Mufindi, haitachukua muda kabla mwenye shamba hajakuuliza: "Trekta tunayo, kwa nini tununue jenereta yenye injini yake?" Swali lake ni la haki. Jenereta inayozungushwa na PTO ya trekta, yaani shafti ya nyuma inayotoa nguvu ya injini, haina injini ya pili ya kumwagia oili, haina betri yake ya kufa, na bei yake huwa chini sana ya jenereta kamili ya ukubwa uleule. Nimefunga hizi mashine na ninazikubali. Ila kabla hujamwitikia, muulize na wewe: saa kumi alfajiri, mvua inanyesha, umeme umekatika, nani anaiunganisha? Asipoweza kukutajia mtu kwa jina, mwambie asubiri kwanza.

Jenereta hii haijiwashi. Lazima mtu arudishe trekta nyuma, aunganishe shafti, apandishe mizunguko, ageuze swichi, kisha abaki karibu. Yule mtu ni sehemu ya mtambo, na asipofundishwa hakuna jenereta itakayokusaidia, hata ungeagiza ya bei mbaya kutoka Italia. Fundisha wawili, maana mmoja ataugua siku ambayo hukutarajia.

Sasa hesabu ya ukubwa. Watu wengi hujumlisha kila kifaa chenye waya na kupata namba ya kutisha. Anza kwa kuuliza kipi hakiwezi kusubiri. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la mwili wake, nyuzi 37 hivi, na yanatakiwa kushuka hadi nyuzi 4 ndani ya saa chache. Yakichelewa, kipimo cha alkoholi, kinachobaini maziwa yaliyoanza kuharibika, kitayakataa kule kituo cha kukusanyia maziwa, na hapo hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo tangi la kupozea linakuja kwanza, mashine ya kukamulia inafuata, kisha pampu ya maji. Chukua shamba lenye tangi la lita 1,000 ambalo kompresa yake ni kilowati 4, mashine ya kukamulia kilowati 1.5, pampu ya kisima kilowati 4, na taa pamoja na vidude vingine kilowati 1. Jumla ni kilowati 10.5.

Hapo hujaweka mashine ya kukatia majani ya kilowati 7.5, na nakushauri usiiweke. Majani yanaweza kusubiri. Isitoshe, kama trekta iko pale, nunueni mashine ya kukatia inayozungushwa na PTO moja kwa moja. Kugeuza nguvu ya shafti kuwa umeme halafu kuurudisha umeme huohuo kuwa nguvu ya shafti ni kuchoma dizeli ya ziada kwa kazi ileile.

Namba ya kilowati kwenye kibati cha mota inaeleza mota ikiwa imeshashika mwendo. Wakati wa kuanza, mota inayowashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, kwa sekunde chache. Ndiyo maana mafundi wengi hutumia kanuni rahisi: jenereta iwe na kVA (kipimo cha ukubwa wa jenereta) mara mbili na nusu hadi tatu ya kilowati za mota kubwa kuliko zote, na bado itosheleze jumla ya mzigo. Kwa shamba letu, kVA 20 inatosha na inabakiza nafasi. Hizo ni kama kilowati 16 za kazi.

Trekta nayo iwe na nguvu gani? Kadiria nguvu farasi 2 kwenye PTO kwa kila kilowati. Kwenye karatasi, kilowati moja ni nguvu farasi 1.34 tu, lakini gia boksi inakula, jenereta yenyewe inakula, na injini inatakiwa ibaki na akiba ili isizame mota inapoanza. Kwa hiyo kilowati 16 zinataka nguvu farasi 32 kwenye PTO, si kwenye injini. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boneti ni ya injini, na PTO hupata pungufu ya hapo. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawalikumbuki: Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo, inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) hupoteza asilimia 15 hadi 20 ya nguvu yake kwenye mwinuko huo. Trekta iliyofanya kazi vizuri Kilombero itakuja huku na kuanza kutoa moshi mweusi kwa mzigo uleule.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wapya wengi wanapoharibu vifaa vya watu.

Umeme wetu ni wa Hertz 50, na kwenye jenereta hizi Hertz zinatokana na mizunguko peke yake. Ndani kuna jenereta inayotakiwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika, na gia boksi inayopandisha mizunguko 540 ya PTO hadi kufika hapo. PTO ikishuka hadi 486, Hertz zinakuwa 45. Sasa mtego uko hapa: jenereta nyingi zina kidude kinaitwa AVR, ambacho kazi yake ni kushikilia volti. Trekta inaweza kuwa inazunguka polepole, na mita ya volti bado ikakuonyesha 230 au karibu na hapo. Fundi mpya anaangalia volti, anaridhika, anaondoka zake. Huku nyuma kompresa inazunguka chini ya mwendo wake na mota zinapata joto. Kwa hiyo mita ya kuangalia kwanza ni ya Hertz. Jenereta ikija bila mita hiyo, funga. Haina gharama ya kukufanya ufikirie mara mbili.

Jinsi ya kuiweka: bila mzigo wowote, vuta moto wa mkono, ule wa lever, usiguse pedali, mpaka mita isome 51 au 52. Kisha washa mota kubwa kwanza. Utasikia trekta ikiguna, bomba la moshi litatoa pumzi moja nyeusi, sindano itaanguka hadi 47 hivi halafu itapanda yenyewe na kutulia karibu na 50. Hiyo ndiyo sauti unayoitaka. Ikianguka na isirudi, au moshi ukaendelea, toa mzigo, trekta imezidiwa. Ikitulia, washa mota inayofuata, subiri itulie, ndipo taa na vidude vya elektroniki viingie mwisho. Wakati wa kuzima unarudi kinyumenyume: mzigo wote utoke kwanza, ndipo ushushe mizunguko. Anayezima trekta huku kompresa inazunguka anaua AVR taratibu, na atakuja kulalamika kwamba jenereta ni feki.

Trekta nyingi za sasa zina PTO ya mwendo 540 na 1,000. Jenereta ya 540 ikizungushwa kwa 1,000 inatoa zaidi ya Hertz 90, na kila kilichounganishwa kinaweza kwenda na maji ndani ya sekunde. Kwa kawaida shafti ya 540 ina meno 6 na ya 1,000 ina meno 21, hivyo haziingiliani, lakini zipo trekta zinazotoa miendo yote miwili kwenye shafti ileile ya meno 6. Usiamini meno, soma lever imekaa wapi, kisha paka rangi nyekundu upande wa 1,000 ili hata dereva wa zamu ya usiku aelewe.

Kuhusu shafti yenyewe, sitaki utani. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde. Ikishika pindo la nguo, huna muda wa kupiga kelele. Na huku kwetu alfajiri kuna baridi: watu wanakuja kukamua wamejifunga blanketi, wamevaa makoti makubwa ya mtumba yenye kamba zinazoning'inia, akina mama wana kanga mbili. Hakuna mtu wa namna hiyo anayesogelea shafti inayozunguka. Kifuniko cha plastiki kiwepo kizima, na minyororo yake miwili ifungwe ili kisizunguke pamoja na shafti. Kikipasuka, nunua kingine siku hiyohiyo. Kuruka juu ya shafti kwa sababu njia ya kuzunguka trekta ni ndefu ni sababu ya kumfukuza mtu kazi, na mimi ningemfukuza.

Wakati wa kuunganisha, zima injini, toa funguo uweke mfukoni. Sukuma shafti mpaka pini iruke na kulia "ta!", kisha ivute kwa nguvu kuhakikisha haitoki. Trekta na jenereta vikae kwenye mstari mmoja, shafti isipinde, breki ya mkono ivutwe na magogo yawekwe kwenye tairi. Yote haya yawe nje, upande ambao upepo haupelekei moshi kwenye banda. Moshi wa injini unaua mtu chumbani, na hata kidogo tu, maziwa hunyonya harufu yake.

Sasa swichi. Usikubali kamwe mtu akuambie "tuchomeke tu kwenye soketi, tukikumbuka kuzima meni." Transfoma inafanya kazi pande zote mbili. Volti 400 zako zikirudi kwenye laini, ile transfoma iliyo kwenye nguzo inazipandisha hadi volti 33,000, na fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo kijiji cha pili akijua laini imekufa anauawa na trekta yako. Dawa yake ni chenjiova yenye nafasi tatu, gridi, sifuri na jenereta, ambayo kwa muundo wake haiwezi kugusa pande mbili kwa wakati mmoja. Kwa fezi tatu chukua ya poli nne, yaani inayohamisha nyaya zote nne, ili nyutro nayo ihame. Ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na utunze karatasi zake. Jenereta ipate fito yake ya ethi ardhini, kwa sababu trekta imekaa juu ya mpira na haigusi ardhi popote.

Siku ya kwanza ya kuwasha, angalia mota zinazunguka upande gani. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, kila mota ya fezi tatu inazunguka kinyume. Pampu ya kisima itaendelea kutoa maji, ila kidogo, na utatumia siku nzima ukidhani kisima kimekauka. Kompresa ya aina ya skroli itapiga kelele mbaya na haitapoza. Badilisha waya mbili upande wa jenereta, siyo kwenye mota, ukitaka umeme wa gridi uendelee kuwa sawa.

Ukiwa hapo, funga kinga ya fezi kwenye kompresa. Laini za vijijini hupoteza fezi moja mara nyingi kuliko zinavyozimika kabisa. Taa nusu zinawaka, watu wanadhani umeme upo, na mota inaungua kimyakimya. Kengele ndogo ya betri inayolia fezi inapokosekana itamwamsha yule mtu wako wa saa kumi.

Jenereta iliyokaa miezi bila kuguswa hupoteza usumaku wake mdogo na kugoma kutoa umeme. Panya nao wanapenda kisanduku cha AVR kwa sababu kuna joto na nyaya laini. Iwashe kila mwezi kwa nusu saa, ikiwa na mzigo wa kweli, wakati umeme upo na hakuna presha. Grisi kwenye misalaba ya shafti, oili ya gia boksi, mbegu za nyasi zitolewe kwenye rejeta, kwa kuwa trekta iliyosimama kwa muda wa saa tatu ikibeba mzigo inapata joto kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu dizeli: injini iliyobeba mzigo wa kutosha hutoa takriban uniti 3 za umeme kwa lita. Trekta ya nguvu farasi 75 ikiwashia taa na redio tu, unaweza kupata uniti moja kwa lita au chini yake. Kwa hiyo kusanya kazi. Saa ile trekta inaunguruma, poza maziwa, jaza tangi la maji la juu, chaji betri za uzio, kisha zima. Taa za usiku ziachie sola.

Linabaki tatizo moja ambalo hutalikuta kwenye kitabu cha maelekezo. Kuanzia Novemba mvua zikianza, trekta iko shambani na jembe la diski, pengine kilomita kadhaa kutoka bandani, na dereva analipwa kwa ekari. Umeme ukikatika jioni hiyo, hatataka kufungua jembe. Panga mapema, mbele ya mwenye shamba, kwamba katika msimu wa kulima trekta inarudi nyumbani kabla ya saa kumi na moja jioni, na anayelipwa kwa ekari afidiwe. Njia ninayoipenda zaidi ni trekta ya pili, kuukuu. Massey Ferguson 240 iliyochoka kuvuta jembe, lakini yenye injini na PTO nzima, inaweza kuzungusha zile kilowati 10.5 bila shida. Ukiikuta imeegeshwa nyuma ya stoo, ikague kabla hawajaiuza kama chuma chakavu.