Kukusanya jazi: anza na maandishi madogo ya nyuma ya kava

Mkuu, swali lako ni zuri na limekaa bila jibu la maana kwa muda, ngoja nijitahidi. Unasema jazi imekuingia kupitia simu, kipato chako ni cha kawaida, na unataka kujua mambo mawili: uanzie wapi kukusanya santuri, na kuna maana gani kukusanya wakati kila kitu kinapatikana mtandaoni. Wenzangu hapo juu wamekupa orodha za santuri kumi bora. Mimi sina orodha. Nina njia niliyoifuata miaka mingi, na naona ni bora nikupitishe humo kwa santuri zenyewe.

Tuelewane kwanza kwamba naongelea jazi ya Marekani. Morogoro Jazz na Western Jazz nazipenda sana na ninazo, lakini ule ni muziki wa dansi na unastahili uzi wake.

Njia yangu ni hii: usikusanye majina makubwa, kusanya siku za kurekodi. Jazi ya miaka ya 50 na 60 ilirekodiwa kwa siku moja au mbili. Watu watano, sita, wanaingia studio, wanapiga, wanaondoka, na mara nyingi kundi lile halikutani tena likiwa kamili. Kwa hiyo jina lililoandikwa kubwa mbele ya kava linakuambia nani alisaini mkataba. Maandishi madogo ya nyuma ndiyo yanayokuambia kilichotokea: nani alishika besi, nani alikaa kwenye dramu, tarehe gani, studio gani. Simu inakupa picha ndogo, jina la wimbo, na mara nyingi mwaka wa toleo la juzijuzi. Hayo mengine inayameza. Ndiyo maana mimi nanunua.

Chukua Search for the New Land ya mpiga tarumbeta Lee Morgan. Ilirekodiwa tarehe 15 Februari 1964 kwenye studio ya fundi wa sauti Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, New Jersey, kwa ajili ya kampuni ya Blue Note. Upande wa pili kuna kipande kinaitwa "Mr. Kenyatta". Kenya ilikuwa imepata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, yaani miezi miwili tu kabla, na huyu kijana wa Philadelphia mwenye miaka 25 anamtungia Mzee wimbo. Halafu santuri ikafungiwa ghalani hadi 1966, maana The Sidewinder, aliyoirekodi Desemba 1963, ilikuwa imeuzika kwa kishindo na kampuni ikawa inatafuta nyingine ya kufanana nayo.

Ukiisikiliza kwa simu utasikia tarumbeta ya Morgan, na ni tarumbeta ya kusikilizwa kweli. Sasa geuza kava. Saksofoni ni Wayne Shorter. Gitaa ni Grant Green, anayepiga noti moja moja, safi, kama mtu anayeimba. Piano ni Herbie Hancock, ambaye wakati huo alikuwa tayari kwenye kundi la Miles Davis. Dramu ni Billy Higgins. Besi ni Reggie Workman. Hapo sasa una majina sita, na kila jina linafungua mlango wake.

Mimi nilimfuata Workman, kwa sababu besi yake kwenye "Mr. Kenyatta" ndiyo iliyonishika. Ukimfuata nyuma miaka mitatu unamkuta kwenye Africa/Brass ya mpiga saksofoni John Coltrane, iliyorekodiwa Mei na Juni 1961, studio ileile ya Van Gelder. Ndiyo santuri ya kwanza ya Coltrane kwa kampuni ya Impulse!. Kipande cha "Africa" kinachukua upande mzima, zaidi ya dakika kumi na sita, na kuna besi mbili: Workman na Art Davis. Tafadhali tafuta spika zenye besi ya kweli kabla hujakisikiliza. Kwa simu utasikia Coltrane anapiga kelele juu ya dramu za Elvin Jones. Kwa spika nzuri utasikia besi moja imetulia chini, inarudia palepale, na nyingine inatembea juu yake, na utaelewa kwamba wimbo wote umejengwa juu ya sakafu hiyo. Coltrane alieleza kwamba alikuwa akisikiliza rekodi za muziki wa Afrika akitafuta mdundo wa kuanzia. Unausikia huo utafutaji. Hajakwenda kuiga ngoma ya mtu.

Kwenye kundi hilo la wapulizaji wa Africa/Brass kuna vijana wawili wa kuwaangalia: Freddie Hubbard na Julian Priester. Mfuate Priester. Mwaka mmoja kabla, Agosti na Septemba 1960, yuko na mpiga dramu Max Roach kwenye We Insist!, pamoja na mwimbaji Abbey Lincoln na mpiga ngoma Mnigeria, Babatunde Olatunji. Upande wa pili kuna "All Africa" na "Tears for Johannesburg", miezi michache tu baada ya mauaji ya Sharpeville, Afrika Kusini. Kisha mfuate Roach na Olatunji miezi miwili mbele, Novemba 1960, nao wanakufikisha kwenye santuri ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha maktaba yangu yote: Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston.

Hapa niache nikae kidogo. Uhuru Afrika ilirekodiwa New York mwaka 1960, mwaka ambao nchi kumi na saba za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado, sisi tulingoja hadi Desemba 1961. Weston alikusanya bendi kubwa: Hubbard huyohuyo, Clark Terry, Yusef Lateef, Kenny Burrell, Ron Carter, na kwenye ngoma Roach, Olatunji, Candido na Armando Peraza. Mpangaji wa muziki alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Dizzy Gillespie. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Na santuri inapoanza, sauti unayoisikia inasoma shairi la Hughes kwa Kiswahili. Msomaji ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, akipokezana na Brock Peters anayelisoma kwa Kiingereza.

Nimewachezea watu wengi mwanzo huo bila kuwaambia ni nini. Wanakaa wima. Sauti ya Sanga haina haraka, inatamka kila neno kama tangazo rasmi, na nyuma yake ngoma zinaingia moja baada ya nyingine mpaka bendi nzima inalipuka kwenye "Uhuru Kwanza". Kuna sehemu nne, ya mwisho inaitwa "Kucheza Blues", na pale kila mpigaji anapewa nafasi yake. Sikiliza Liston alivyowapanga wapulizaji: hawapigi ukuta wa sauti kama bendi kubwa nyingi za wakati ule, wanajibizana, tromboni chini, filimbi juu, na katikati anaacha nafasi ya ngoma kupumua. Kwa maoni yangu Liston hajapewa hata nusu ya sifa anayostahili, na Uhuru Afrika ndiyo ushahidi. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964. Huo nao ni ushahidi kwamba ujumbe ulifika.

Sasa rudi kwa Priester na umfuate mbele badala ya nyuma. Tarehe 31 Desemba 1970 yuko San Francisco, mkesha wa mwaka mpya, anarekodi na nani? Herbie Hancock, mpiga piano wa "Mr. Kenyatta". Santuri inaitwa Mwandishi, na hilo ndilo jina alilojichukulia Hancock. Kundi zima lilikuwa na majina ya Kiswahili, likiyapata kupitia mwanamuziki James Mtume: Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart ni Jabali, Bennie Maupin ni Mwile, Priester ni Pepo Mtoto, na Eddie Henderson mpiga tarumbeta ni Mganga, naye alikuwa daktari kweli, amesomea Howard. Upande wa pili wote ni utunzi wa Priester, "Wandering Spirit Song", zaidi ya dakika ishirini. Kundi hilo lilitoa Crossings mwaka 1972 na Sextant mwaka 1973, likavunjika kwa sababu halikujilipa.

Umeona tulivyokwenda? Kutoka wimbo mmoja wa Lee Morgan, kwa kufuata majina ya nyuma ya kava tu, tumepita miaka kumi ya watu weusi wa Marekani wakiitazama Afrika, tena Afrika yetu hii ya Mashariki. Hakuna orodha ya santuri kumi bora ingekuonyesha hilo, kwa sababu orodha inakupa vilele na kukunyima njia za kuviunganisha.

Kuhusu matoleo. Kuna mwenzetu hapo juu amekuambia usinunue chochote isipokuwa toleo la kwanza. Simuungi mkono. Toleo la kwanza lina thamani yake, na nakiri napenda kushika tochi na kuinamisha santuri kusoma kile kipande laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kwenye Blue Note za zamani utakuta herufi RVG au VAN GELDER, maana yake Van Gelder mwenyewe ndiye aliyechonga mifereji ya sauti ile. Utakuta pia alama ndogo inayofanana na sikio. Hiyo ni ya kiwanda cha Plastylite, kilichochapa santuri za Blue Note hadi kampuni ilipouzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya 60. Ukiliona sikio, unajua umeshika kitu cha enzi ya Alfred Lion, mwanzilishi wa Blue Note.

Lakini toleo la kwanza si lazima liwe sahihi. Mfano ni Kind of Blue ya Miles Davis, santuri ambayo karibu kila mtu huanza nayo. Kikao cha kwanza kilifanyika tarehe 2 Machi 1959, na mashine kuu ya kurekodi ilikuwa inakwenda polepole kidogo. Kwa hiyo kanda ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, noti zote zinasikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka hivyo kwenye matoleo yote hadi 1992, walipotumia kanda ya mashine ya akiba iliyokuwa na mwendo sahihi. Kwenye kikundi chetu cha Jumapili hapa Dar tuna mzee anayepiga kinanda kanisani. Tulimwekea "So What" ya toleo la zamani, akashika re kwenye kinanda, uso ukakunjamana: noti mbili zinagombana. Tukaweka CD ya baada ya 1992, akashika re ileile, ikakaa. Hakuhitaji maelezo. Kwa hiyo kwa upande huo wa kwanza, CD ya bei ya chakula cha mchana ina haki kuliko santuri ya bei ya pikipiki.

Na hicho kikundi, mkuu, tafuta kama hicho au anzisha, hata mkiwa watatu. Sisi tuna utaratibu wa kuficha kava: mmoja anaweka santuri, wengine wanasema nani anapiga na kwa nini wanadhani hivyo. Ukilazimika kueleza ni kwa nini ile saksofoni ni Shorter na si Coltrane, masikio yanafunguka kwa namna ambayo kusikiliza peke yako hakukupi. Ubishi wetu mkubwa ni juu ya Mwandishi. Wazee wanasema kinanda cha umeme kimeharibu. Mimi nasema sikilizeni Billy Hart na Buster Williams wanavyoongozana: ni jazi mpaka kwenye mifupa, umeme umeongeza rangi tu. Hatujaafikiana na sidhani tutaafikiana.

Ya vitendo, harakaharaka. Unyevu wa pwani ni adui, kava zinaota ukungu. Usiziegemeze kwenye ukuta wa nje. Simamisha santuri wima, usizilaze moja juu ya nyingine, zitapinda kwa joto. Osha kwa maji safi ya dukani (distilled water), yale ya kuongezea kwenye betri yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya maji, usiguse lebo. Pesa ya kwanza weka kwenye sindano nzuri ya mashine ya kuchezea santuri kabla ya santuri nzuri, kwa sababu sindano iliyoisha inachimba na hakuna marekebisho. Ukiagiza nje, nauli na ushuru mara nyingi vinazidi bei ya santuri, kwa hiyo agizeni pamoja. Ukipita Nairobi, Soko la Kenyatta kuna kibanda cha santuri za zamani, tenga siku nzima. Uhuru Afrika ya awali, ya kampuni ya Roulette, usiikimbilie, bei yake haifai kwa anayeanza. Imo kwenye seti ya CD tatu za Weston iliyotolewa na kampuni ya Mosaic mwaka 2003, na zipo CD nyingine zilizotangulia.

Leo usiku weka "Mr. Kenyatta" na ufuate mpigaji mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, yeyote atakayekuvuta. Kisha andika jina lake hapa, nikuambie alikuwa wapi mwaka uliofuata.