Kwa vijana mnaojiandaa na mashindano ya tanga ya masafa marefu

Wadogo zangu wa Mikindani, Msanga Mkuu na Lindi, nimefurahi kuona dau limeshapandishwa pwani na mmeanza kulikalafati, yaani kuziba nyufa za mbao zake. Ila kila nikipita nawasikia mnazungumzia tanga tu: likatwe vipi, foromali, ule mti unaobeba tanga, iongezwe urefu au ibaki ilivyo. Mashindano ya kutwa pale ghubani hushinda mwenye mbio. Yale ya kulala baharini yanataka mabaharia ambao saa tisa za usiku akili zao bado ziko sawasawa. Kwa hiyo anzeni kwa kujifunza kulala.

Usiku wa kwanza kijana hataki kulala. Wote wako macho, wote wanavuta kamba, na kesho yake mchana wote wamechoka kwa pamoja. Gaweni zamu kabla ya kung'oa nanga. Mkiwa sita, watatu wafanye kazi na watatu wapumzike, saa nne nne mchana na saa tatu tatu usiku. Asiye zamu ajilaze na afumbe macho hata kama usingizi hauji. Nahodha naye alale! Nahodha aliyekesha namwogopa kuliko wimbi, kwa sababu akikosea hakuna wa kumpinga.

Halafu fanyeni mazoezi gizani. Upepo wa kusi ukiwa nyuma yenu, kazi ngumu kuliko zote ni kugeuza tanga: demani, ile kamba ya kuvutia pembe ya tanga, inalegezwa, foromali inasimamishwa wima karibu na mlingoti, kisha inapitishwa mbele kwenda upande wa pili huku mtu akizunguka na demani. Mchana mnaifanya bila kufikiri. Usiku, chombo kikiyumba, mkono mmoja ukichelewa tanga linajaa upepo upande usiotakiwa na foromali inakuja kwa nguvu ya kuvunja bega. Kila mtu awe na kamba yake moja, aijue kwa kuipapasa, na amri atoe mtu mmoja tu. Rudieni ghubani usiku usio na mbalamwezi mpaka mfanye bila tochi.

Zoezi la mtu kuanguka majini nalo msiliruke. Tupeni dumu tupu lililofungwa kitambaa. Mmoja anyooshe mkono kulielekea na asiliondolee macho hata sekunde moja. Wengine wageuze chombo. Maji yetu ni ya vuguvugu, baridi haitamuua mtu upesi, lakini kichwa cha binadamu kwenye mawimbi ya kusi hupotea kabla hamjamaliza kugeuza. Usiku kila aliye zamu ajifunge kamba kwenye chombo, avae jaketi la kuokolea na filimbi shingoni.

Chakula sitakisemea sana. Mhogo wa kuchemsha, korosho, ndizi, na maji ya kunywa yasiyopungua lita 4 kwa mtu kwa siku, yagawanywe kwenye madumu kadhaa ili moja likipasuka msikaukiwe.

Lipo jambo lingine la kulitia akilini. Mwaka 1979, kwenye mashindano ya tanga ya Fastnet kule Uingereza, dhoruba iliua mabaharia 15. Vyombo 24 vilihamwa na watu wake, na vingi kati ya hivyo vilikutwa baadaye bado vinaelea, wakati baadhi ya waliokimbilia mashua za mpira za kuokolea walikufa. Dau la mbao likijaa maji bado linaweza kuwabeba. Lishikilieni.

Njia yenu, kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko, ni karibu maili 90 za bahari. Kusi linasukuma kaskazini, na mkondo wa pwani yetu nao unakwenda kaskazini mwaka mzima. Kwenda ni rahisi. Kurudi nyuma mkipata shida ni kubisha upepo na mkondo kwa pamoja, na kwa chombo kilichoumia hamtaweza. Basi kimbilio lenu liko mbele: Sudi, Lindi, Mchinga, Kiswere. Nendeni mkaingie kila mlango wa bandari hizo mchana, maji yakiwa yametoka, muone miamba ilipo. Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku zote za safari, simu iwe na ramani na dira ya kawaida iwepo pia. Na mkubaliane mkiwa bado nchi kavu: upepo ukifikia kiasi gani, au maji yakijaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kiasi gani, mnaingia bandari iliyo karibu, tena bila kupiga kura.