Wanaitikia mkutanoni, kazini hawaji

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29, mhamasishaji katika mradi wa kujenga upya mtaa ulioharibiwa na vita. Mapigano yaliisha miaka miwili iliyopita na wakazi wengi wamesharudi. Tumefanya mikutano minne. Watu wanajaa, wananyoosha mikono, wanakubali kwamba kila Jumamosi tutazoa vifusi na kuzibua mitaro. Ikifika Jumamosi tunakuwa watu saba, na wanne kati yetu ni wafanyakazi wa mradi. Mkuu wangu anasema vita vimewazoesha watu kupewa, kwa hiyo tulete magreda tumalize. Wenzangu wanataka tulipe posho. Nifanye nini ili watu waamke?
Mhamasishaji aliyechoka

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Nilipofika kwenye hilo neno "waamke" niliiweka barua yako mezani kwanza. Watu waliokimbia na watoto mgongoni, wakarudi, wakaezeka maturubai juu ya kuta zilizobaki, hawajalala. Neno hilo nami niliwahi kuliandika kwenye ripoti zangu, mpaka siku nilipokutana na mama mmoja mpangaji.

Ilikuwa Jumamosi kama hizo zako. Tumesimama na matoroli mapya, hakuna mtu. Nikaanza kupita nyuma ya nyumba. Nikamkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, tofali mapajani, anakwangua saruji iliyogandia kwa kisu kisicho na mpini. Matofali mazima ameyapanga kumi kumi upande mmoja, vipande upande wa pili. Vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa kazini tangu alfajiri. Nikamuuliza mbona hakuja kwetu. Akanijibu taratibu tu: "Mwanangu, ninyi mnaniita nikasafishe nyumba ya mwenye nyumba. Ikishasafika atarudi, atapandisha kodi, mimi nitafukuzwa. Haya matofali nitaondoka nayo."

Mkononi nilikuwa na ramani ya mradi. Ilionyesha mitaro, nguzo za taa na barabara mpya. Wapangaji hawakuwamo kabisa.

Kwa hiyo, kabla hujahesabu nani kaja Jumamosi, tafuta kujua nani atabaki hapo mtaa ukishapendeza. Hilo ndilo swali wanalojiuliza wao, na kwenye mkutano wa hadhara hakuna atakayelisema, maana mwenye nyumba naye kaketi mstari wa mbele. Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, baada ya vita vya 1975 hadi 1990, wenye mali na haki za upangaji katikati ya mji walipewa hisa za kampuni badala ya nyumba na maduka yao. Majengo yaling'aa, lakini wengi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara pale hawakurudi. Kanuni za Pinheiro za mwaka 2005, zinazohusu kurudishiwa nyumba na mali waliokimbia vita, zinawataja wapangaji pia. Mpe mkuu wako azisome.

Sasa tuje kwenye magreda, na hapa nakuomba uwe mkali. Kifusi kinaweza kuficha mabomu ambayo hayajalipuka. Mosul, nchini Iraki, mapigano yalipoisha Julai 2017, vifusi vya mji mkongwe vilikuwa vimejaa vilipuzi, vingine vimetegwa makusudi ndani ya nyumba. Asiguse mtu, wala mtu wa kujitolea wala dereva wa greda, mpaka wataalamu wa kutegua mabomu wapite na kupaweka alama. Kama hilo halijafanyika kwenu, basi waliokaa nyumbani Jumamosi walifanya la busara. Halafu zipo familia ambazo bado hazijazika wapendwa wao. Wanajua wako chini ya ukuta upi, na hawatakubali upige koleo pale kabla hujawauliza.

Tena greda hufuta ushahidi. Mtu ambaye karatasi zake ziliungua, msingi wa nyumba ndio hati yake. Ukisawazisha ardhi leo, kesho una majirani watatu wanaogombea kiwanja kimoja, na katika mtaa uliotoka vitani ugomvi wa mpaka haubaki kuwa wa mpaka.

Mfano ninaoupenda ni wa Nahr el-Bared, kambi ya Wapalestina kaskazini mwa Lebanoni. Mapigano ya mwaka 2007 yaliibomoa kambi kongwe karibu yote. Wakazi hawakusubiri kuchorewa. Waliunda kamati, wakaungana na wasanifu majengo na vijana wa kujitolea, wakapita familia kwa familia. Kila familia ikaeleza nyumba yake: mlango ulitazama wapi, ghorofa ngapi, jirani wa ukutani nani. Mchoraji anachora, jirani anathibitisha. Wakapata ramani ya kambi ambayo haikuwapo tena. Jeshi lilipotaka barabara pana kuliko za zamani, walikuwa na kitu mkononi cha kujadiliana nacho. Ujenzi wenyewe ulichelewa miaka mingi kuliko ilivyoahidiwa, nisikufiche, lakini watu walibaki na kamati yao katika miaka hiyo yote.

Jumamosi ijayo usiite kazi. Chukua kichochoro kimoja tu, karatasi kubwa, penseli na kifutio kizuri, ukae chini na watu wa pale. Nani alilala wapi, nani alimpangishia nani, maji yalichotwa wapi, maji machafu yalipita wapi. Andika mpangaji kama unavyoandika mwenye nyumba. Wanawake wasikilize peke yao, kwa saa wanayoiweza wao. Mjane ambaye hati ina jina la marehemu mumewe hatajieleza mbele ya shemeji zake. Ukishapata majina, ndipo uwabane wenye nyumba na ofisi ya ardhi kuhusu makubaliano ya maandishi: anayejenga ukuta kwa mikono yake atakaa muda gani, kwa kodi ipi. Hapo utakwama mara nyingi. Endelea.

Posho? Kutoa vifusi ni kazi nzito, na mtu anayeishi kwa kibarua akikupa Jumamosi yake, watoto wanalala njaa. Mlipe, na orodha ya majina na malipo ibandikwe ukutani kila mtu aione. Kila kundi lichanganye watu wa pande zote mbili za vita. Kuhudhuria mkutano usilipie kamwe. Siku fedha zikiisha, mkutano nao umekufa.

Kisha omba mradi uwape wakazi fungu la fedha wanaloliamua wenyewe, hata kama dogo. Kwetu nilitaka mtaro. Kina mama walichagua taa mbili na mlango wenye komeo kwenye choo cha jirani na bomba, kwa sababu mabinti waliogopa kwenda usiku. Nilinuna, sikufichi. Lakini siku ya kuchimba mashimo ya nguzo watu walijaa hata machepe hayakutosha, na yule mama wa matofali alikuja na rundo lake akajengea ukuta wa choo.

Na usiwaahidi kwamba kujenga pamoja kutawapatanisha. Daraja la kale la Mostar, mji wa Bosnia, lilibomolewa vitani Novemba 1993 na likafunguliwa upya Julai 2004, zuri kama zamani. Mji wenyewe uliendelea kugawanyika, hata uchaguzi wa baraza la mji, baada ya ule wa 2008, haukufanyika tena mpaka Desemba 2020. Wewe ahidi taa, na taa iwake siku uliyosema.

Ukimaliza kichochoro cha kwanza niandikie tena, uniambie umepata wapangaji wangapi na wenye nyumba wamesemaje. Mkuu wako akikataa fungu la wakazi, niandikie mapema zaidi, tuitunge pamoja barua ya kumpelekea.